A Knight's Tale (2001): makosa yapi ni ya makusudi, na tuionyesheje ukumbini bila kuua utamu wake?

Mratibu_wa_Jumamosi

Wakuu, salaam.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu kikundi chetu cha sinema kitaonyesha A Knight's Tale ya mwongozaji Brian Helgeland. Ukumbi unachukua watu 30. Nusu ni wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, waliobaki ni wazazi na walezi wao. Tutatumia projekta na spika mbili, na kutakuwa na dada wa kutafsiri papo kwa papo kwa kipaza sauti.

Kwa ambaye hajaiona: William Thatcher, mtoto wa fundi wa kuezeka nyumba London, anamtumikia naiti mmoja, yaani mpiganaji wa farasi mwenye cheo. Bwana wake anafariki mashindano yakiwa hayajaisha. William anavaa deraya (vazi la chuma la vita) ya marehemu, anajipachika jina la kikabaila na kuanza kushindana mchezo wa mikuki juu ya farasi na watu wa damu ya ukubwa. Heath Ledger ndiye William. Paul Bettany anaigiza Geoffrey Chaucer, mshairi wa kweli kabisa wa Uingereza, ambaye humu anakuwa mpiga mbiu wa William.

Naipenda mno. Lakini ni filamu ambayo watu wa karne ya 14 wanapiga makofi kwa wimbo wa bendi ya Queen, na watakuwepo wazazi wanaoijua historia. Sitaki vijana watoke wakiamini London ya wakati ule ilikuwa vile, na sitaki pia jioni nzima igeuke kipindi cha masahihisho. Naomba wenye kuijua waniambie makosa yapi yamewekwa kwa makusudi na yapi yamepenya tu, kama kuna kitu cha kweli ndani yake, na namna nzuri ya kuiendesha kwa kundi la aina hii. Na kuhusu ile mikuki inayopasuka vipande elfu: ndivyo ilivyokuwa?

---

Mwalimu_Zama

Mratibu, umechagua vizuri. Neno la kwanza: usiisimamishe hata mara moja kwa ajili ya kusahihisha. Filamu ni ya dakika 132. Ukisimama mara sita kwa dakika tano tano umeongeza nusu saa, na vichekesho vyote vimepoa, kwa sababu vichekesho vyake vinakwenda kwa mdundo. Zungumza dakika nane kabla ya kuanza, kisha acha nusu saa ya maswali mwishoni.

Dakika nane hizo zitumie kueleza jambo moja: filamu hii inayatangaza makosa yake. Angalia mwanzo. Watu wamejaa kwenye majukwaa ya mbao, wanapiga mara mbili kwa nguvu na kofi moja, mara mbili na kofi moja, na wimbo ni "We Will Rock You". Wimbo wa 1977. Hakuna mtu duniani atakayedhani uliimbwa karne ya 14, kwa hiyo hakuna aliyedanganywa. Anachopata mtazamaji ni kitu ambacho vitabu vingi hushindwa kukifikisha: mchezo wa mikuki kwa watu wale ulikuwa kama mpira kwetu. Ulikuwa na nyota wake waliozunguka mji hadi mji, mashabiki, zawadi na ubishi wa vijiweni. Ungepigwa udi wa enzi ile, wewe na mimi tungesikia "zamani". Shabiki aliyekaa kwenye ubao ule alisikia "leo". Helgeland amechagua kutupa masikio ya yule shabiki.

Kuna mzazi atasema muziki wa kisasa unaharibu. Mjibu kwa heshima kwamba filamu za manaiti tulizozizoea hupigiwa okestra kubwa ya fidla na tarumbeta, na okestra ya namna hiyo ni kitu cha karne ya 18 na 19. Nayo iko nje ya zama zake kwa miaka mia nne au mitano. Tumeizoea tu.

Na usisahau kuwaambia kwamba sauti inayofungua filamu hii ni ya Freddie Mercury, aliyezaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 1946. (Mtunzi wa wimbo huo ni mwenzake, Brian May.) Ukumbi utachangamka kabla picha haijaanza.

Mandhari ya pili ya kuilinda ni ya dansi. Kabaila Adhemar, mpinzani wake mkuu, anamtega William aonyeshe dansi la Gelderland, anakodai ndiko "kwao", akijua hajui. Wanaanza kwa ala za kale, hatua za taratibu, viganja vikigusana juu ya mabega. Halafu, bila dansi kukatika, muziki unajikunja pole pole na kuwa "Golden Years" ya David Bowie, ya 1975. Hakuna mlango unaofunguliwa kati ya zama mbili. Unajikuta tu uko upande wa pili, na wale vijana wa kasri wamekuwa vijana wa disko. Ukisimamisha hapo kueleza umeua mandhari bora kuliko zote.

Mengine ya makusudi yataje kwa haraka: alama mbili ambazo Kate mhunzi anazipiga kwenye deraya aliyoitengeneza, zinazofanana na alama ya kampuni maarufu ya viatu vya michezo, na London inapoonekana kutoka juu kuna gurudumu kubwa la mbao kando ya mto, mfano wa lile lililofunguliwa mwaka 2000.

Sasa miaka. Hapa usihangaike kuipatanisha, haipatani. Katikati ya filamu Adhemar anaitwa vitani Poitiers. Vita hivyo vilipiganwa tarehe 19 Septemba 1356. Lakini Chaucer anajitambulisha kwa kitabu chake cha mashairi, Book of the Duchess, ambacho ni maombolezo ya Blanche wa Lancaster aliyefariki 1368. Mwaka wa Poitiers Chaucer alikuwa mvulana wa miaka kumi na tatu hivi. Na Mwanamfalme Edward, anayeonekana mzima na mwenye nguvu, kufikia 1370 alikuwa mgonjwa wa kubebwa kwa machela, akafa 1376. Jina lake la "Mwanamfalme Mweusi" lenyewe halionekani kwenye maandishi mpaka karne ya 16. Waambie ukumbi: chukueni "nusu ya pili ya karne ya 14", inatosha.

---

Mfuachuma

Shikamoo mwalimu. Mratibu, nianze na mikuki kwa kuwa umeiulizia.

Mikuki ya kwenye filamu ilitengenezwa ili ipasuke mbele ya kamera. Mti ulichanjwa ili ukatike kwa urahisi, ncha ni za balsa, ule mti mwepesi sana wa kuundia vindege vya kuchezea, na ndani ulitobolewa ukajazwa vipande vya balsa pamoja na tambi kavu ambazo hazijapikwa. Ndiyo maana mgongano mmoja unatoa mvua ya vijiti. Tambi ikivunjika inaruka mbali, inaonekana vizuri kwenye mwanga wa jua, na haimchomi mtu kama kibanzi cha mti mgumu.

Mkuki wa kweli ulikuwa mti mmoja mzima, wa mwivu wa Ulaya au wa jamii ya msonobari. Ulipovunjika ulitoa vibanzi virefu, na hivyo ndivyo vilivyoua. Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa Mfalme Henri wa Pili wa Ufaransa: tarehe 30 Juni 1559 alipambana mjini Paris na Gabriel de Montgomery, mkuki ukavunjika, kibanzi kikapita kwenye uwazi wa kofia ya chuma na kuingia jichoni. Alifariki Julai 10. Kwa hiyo vijana wakiona vijiti vinaruka wakafurahi, wafurahi. Baadaye uwaambie kwamba kitu kilichokuwa hatari zaidi uwanjani ni hicho hicho.

Ncha nazo zina kisa. Mchezo wa amani ulitumia ncha yenye meno matatu au manne mafupi yaliyopanuka kama taji, ishike kwenye ngao au deraya bila kutoboa. Mchezo wa vita ulitumia ncha kali. Adhemar mwishoni anaingia na ncha kali iliyofichwa, na mkuki unamwingia William begani. Hapo filamu iko sahihi kabisa kwa maana ya sheria: kubadilisha aina ya ncha bila makubaliano ilikuwa aibu kubwa.

Kosa ambalo halijitangazi, na ambalo ningependa mlitaje, ni uzio wa katikati. Mnaona farasi wanapita kila mmoja upande wake wa ukuta mfupi wa mbao. Uzio huo ulikuja karne ya 15, kwenye miaka ya 1420 hivi. Wakati wa Chaucer walikimbiliana uwanja wazi, na farasi kugongana vifua lilikuwa jambo la kutarajiwa. Uzio ulibuniwa kuzuia hilo. Kwa filamu uzio una faida kubwa: unampa mtazamaji mstari mmoja wa kuangalia na unalinda farasi na waigizaji.

Deraya pia zimechanganywa. Nusu ya pili ya karne ya 14 ni kipindi cha mpito: vazi la pete za chuma chini, mabamba juu ya kifua, miguu na mikono, kofia yenye ncha na pazia la pete shingoni. Deraya kamili za mabamba matupu, laini kama zile za Adhemar, ni za karne ya 15. Hizo kamili zilikuwa na uzito wa kilo 20 hadi 25, na uzito uligawanywa mwili mzima kwa kamba na mikanda, haukuning'inia mabegani tu. Ile dhana kwamba naiti akianguka hainuki ni uongo. Kuna naiti wa Kifaransa, Jean le Maingre aliyeitwa Boucicaut, aliyezaliwa 1366. Wasifu wake ulioandikwa akiwa hai unasema aliweza kupiga sarakasi akiwa amevaa deraya yote isipokuwa kofia, na kurukia farasi bila kukanyaga kikuku. Kwa hiyo Kate anapoitengeneza deraya nyepesi na William anarukaruka nayo mbele ya waliomcheka, mruko ni wa kweli hata kama deraya si ya wakati huo.

Njia yake ya kufua je? Anasema amepata namna mpya ya kupasha chuma. Kimsingi inawezekana. Chuma chenye kaboni ya kutosha ukikipasha mpaka kiwe chekundu cha kung'aa, nyuzi 750 hadi 850, kisha ukakizamisha ghafla, kinakuwa kigumu sana. Halafu lazima ukirudishe kwenye moto mdogo, nyuzi 200 hadi 350, la sivyo kitapasuka kama kigae. Kikiwa kigumu unaweza kutumia bamba jembamba zaidi, na uzito unapungua. Kinachoharibika ni hiki: chuma cha tanuri za wakati ule kilikuwa na kaboni isiyolingana, upande mmoja nyingi, upande mwingine karibu hakuna. Ukizamisha bamba kubwa la kifua la namna hiyo linajipinda, au linapata ufa usiouona mpaka siku ya kupigwa. Mafundi wa Milan walihangaika na kazi hii karne ya 15 nzima. Kate yuko mbele ya wakati wake kwa miaka kadhaa, lakini yuko kwenye njia sahihi.

Kosa kubwa la kimwili liko mwisho kabisa. William ameumia, hawezi kushika mkuki, anavua deraya na kuomba mkuki ufungwe mkononi kwa kamba. Nguvu ya mgongano inatoka kwa farasi, haitoki kwa mkono. Mkuki wa kweli ulibanwa kwapani, na kuanzia mwishoni mwa karne ya 14 ukawekewa ndoano ya chuma kwenye bamba la kifua ili kifua kipokee pigo. Mkuki uliofungwa kwenye mkono mtupu utavunja kiganja na kung'oa bega kabla haujamwangusha mtu. Waigizaji wanaibeba vizuri lakini, na mimi mandhari hiyo siiondoi kwa lolote.

---

Ukweli_Kwanza

Naheshimu maelezo ya juu, na nimejifunza. Ila naomba tusilegeze sana. Wanafunzi hawa wana mitihani. Sinema inakaa kichwani kuliko kitabu. Braveheart ya 1995 imewaachia watu wengi picha ya William Wallace, mpiganaji wa Scotland dhidi ya Waingereza, ambayo hata walimu wanashindwa kuifuta. Kama ile imeharibu, hii inaponaje?

---

Mwalimu_Zama

Ndugu yangu, swali lako ni la msingi, na Braveheart ndiyo mfano ninaoutaka.

Vita vya Stirling vilipiganwa tarehe 11 Septemba 1297 kwenye daraja. Daraja lilikuwa jembamba, farasi wawili tu sambamba. Wallace na Andrew Moray walisubiri sehemu ya Waingereza ivuke, kisha wakawakatia njia na kuwamaliza huku wenzao wakitazama ng'ambo. Daraja ndilo lililoshinda vita. Filamu imeliondoa daraja, ikaweka uwanja wa wazi, na bado inajiita simulizi ya Wallace. Binti mfalme Isabella, anayependana naye humo, alizaliwa 1295 hivi. Wallace aliuawa tarehe 23 Agosti 1305. Mtoto wa miaka kumi, na alikuwa bado Ufaransa: alikuja Uingereza 1308 alipoolewa. Sasa mtazamaji wa kawaida atayajuaje hayo? Nguo zimechakaa inavyopasa, matope ni matope, sauti inayosimulia ni nzito. Kila kitu kinamwambia "hii ni kweli".

Hapo ndipo ninapopima. Kosa linalojitangaza kila mtu analiona, na likionekana linaamsha swali: "Je, kweli walikuwa na mashabiki?" Kosa lililovaa nguo za ukweli linaingia kimya kimya na kukaa. Kwa mwanafunzi wa mtihani hatari iko kwenye la pili. Ndiyo sababu nakubaliana na Mfuachuma kwamba uzio wa katikati utajwe na Queen isipoteze muda wa mtu: uzio unafanana na ukweli.

Pendekezo la vitendo kwa nusu saa ya mwisho. Gawa karatasi ndogo kabla ya kuanza. Kila kijana aandike vitu vitatu tu: kimoja anachoamini ni cha kubuni, kimoja anachoamini ni cha kweli, kimoja ambacho hana uhakika nacho. Safu ya tatu ndiyo ya kujadili. Ukiwaruhusu waandike orodha ya makosa bila kikomo watainamia karatasi wasitazame filamu.

---

Ukweli_Kwanza

Nimekuelewa, mwalimu. Safu ya tatu ni wazo zuri. Basi orodhesha ya kweli ili Mratibu awe na majibu mkononi, maana maswali yatakuja huko.

---

Bi_Kipaza

Kabla hamjaendelea, nizungumze na dada atakayetafsiri, maana kazi yake ndiyo itakayobeba au kuangusha jioni.

Asitafsiri nyimbo. Wimbo wa kwanza wote anyamaze, na dansi lote anyamaze. Atafsiri sentensi ikishaanza, aimalize kabla ya nyingine; akibaki nyuma kwa sentensi mbili, aziache zipite, asikimbizane nazo. Kwa filamu hii atakutana na sehemu tatu ngumu.

Ya kwanza ni hotuba za Chaucer. Anatoka mbele na kumnadi bwana wake kwa chumvi nyingi mpaka uwanja unalipuka. Hiyo Kiswahili tunayo tayari, tunaifundisha kwenye fasihi simulizi: ni sifo. Majigambo mtu hujisifu mwenyewe, hapa mtu anasifiwa na mwingine. Kwa hiyo dada asisome kama taarifa ya habari. Avute pumzi, apandishe sauti kwa mapigo, na arudie jina la msifiwa mwishoni mwa kila kifungu kama wafanyavyo washereheshaji wa harusi. Akikosa neno la Chaucer atie la kwake lenye uzito uleule. Afadhali mapigo yabaki kuliko neno.

Kuna mahali Chaucer anawasalimu mabwana, mabibi, na wote ambao hawajakalia mto. Mto wa kukalia. Akisema "wasiokaa kwenye mto" nusu ya ukumbi watasikia mto wa maji na kicheko kitapotea. Aseme "na ninyi nyote mliokalia mbao tupu". Watacheka, hasa kama viti vyenu ni vya mbao.

Ya pili ni nyota. Baba yake William anamwambia mtu anaweza kubadili nyota yake, na maneno hayo yanarudi mpaka mwisho. Hapa Kiswahili kimependelewa: nyota kwetu ni majaaliwa ya mtu, tunasema nyota yake kali, nyota yake imefifia. Atumie "kubadili nyota" hivyo hivyo kila inaporudi, asibadilishe akasema "maisha" au "bahati". Neno likirudi vilevile mara ya mwisho, pale mtoto anaporudi kwa baba aliyekuwa amepofuka, watu watalia bila kuelezwa.

Ya tatu ni jina. Thatcher maana yake fundi wa kuezeka kwa nyasi. Aliseme hilo mara moja tu mwanzoni, kwa sababu mwishoni William anatangazwa kwa jina hilo hilo la baba yake, na asiyejua maana yake hataona ukubwa wa kitendo.

Wazazi waambiwe mapema: Chaucer anaingia kwenye filamu akiwa uchi barabarani, anaonekana kwa nyuma, kwa kuwa ameliwa nguo zake kwenye kamari. Na majina yakishapita mwishoni kuna mzaha mfupi wa kujamba. Asiyeutaka azime majina yakianza.

Spika. Mapigo mawili ya mwanzo wa "We Will Rock You" ni besi, na wimbo ule karibu wote ni miguu na makofi, gitaa linaingia mwishoni. Spika ya ndani ya projekta inapoteza mapigo mawili na kubakiza kofi, basi ukumbi unasikia "...pa, ...pa". Tumieni zile spika mbili, ziwekeni sakafuni pembeni ya skrini, na mjaribu dakika tatu za kwanza ukumbi ukiwa na watu kadhaa, maana miili ya watu inameza sauti. Mapumziko wekeni pale Adhemar anapoitwa vitani. Hadithi yenyewe inapumua hapo.

---

Mratibu_wa_Jumamosi

Bi Kipaza, shikamoo na asante sana. Nimemtumia dada wa tafsiri maneno yako yote, la mto limemfurahisha.

Mwalimu, tunasubiri ya kweli. Na sheria za pointi kwenye filamu ni za kubuni?

---

Mwalimu_Zama

Pointi kwanza. Kwenye filamu kila pambano ni mikuki mitatu: kuvunja mkuki kati ya kiuno na shingo ni pointi moja, kwenye kofia mbili, kumwangusha mtu tatu na unachukua farasi wake. Mfumo ulioandikwa na kutufikia kwa Uingereza ni wa kabaila John Tiptoft, wa 1466, miaka mia moja baadaye, na nao unahesabu mikuki iliyovunjika na kumpa heshima ya juu aliyemwangusha mwenzake. Filamu imerahisisha bila kupotosha. Bandika sheria hizo ukutani kwa maandishi makubwa. Watu wakijua pointi wanashangilia kama uwanjani.

Mwanamfalme kushiriki kwa kujificha, jambo linaloonekana la kisinema kabisa, lina mzizi wa kweli, ila kwa baba yake. Mfalme Edward wa Tatu alipambana Dunstable mwaka 1334 akiwa amevaa alama za naiti mwingine, "Lyonel".

Mtu wa chini kupewa unaiti: Robert Salle wa Norwich. Mwandishi wa habari za wakati ule, Froissart, anasema hakuzaliwa katika ukabaila, Edward wa Tatu akampa unaiti kwa ushujaa wake. Waasi wa 1381 walimtaka awaongoze kwa kuwa ni mwenzao wa asili, alikataa, wakamuua. Kijana akiuliza "je, iliwezekana?", jibu ni ndiyo, kwa nadra, na mlango ulikuwa vita. Mashindano hayakuwa mlango.

Mhunzi mwanamke yupo. Mwaka 1346 Katherine wa Bury ndiye aliyeendesha kiwanda cha uhunzi cha mfalme katika Mnara wa London wakati mwanawe, mhunzi wa mfalme, akiwa vitani Ufaransa.

Majukwaa ya mbao pia. Septemba 1331 paliandaliwa mashindano Cheapside, mtaa wenyewe aliozaliwa William wa filamu, na jukwaa alilokaa Malkia Philippa na mabibi zake likaporomoka. Malkia akawaombea mafundi seremala wasiadhibiwe. (Ni mwaka huo huo Ibn Battuta alipofika Mombasa na Kilwa. Ukichora mstari wa miaka ubaoni, ziweke pamoja. Wanafunzi wanapenda kuona kwao kuko wapi.)

Kisha kuna jambo ambalo karibu kila mtazamaji hudhani ni la Hollywood. Jocelyn, bibi anayependwa na William, anamwambia: kama unanipenda, shindwa. William anasimama apigwe pambano baada ya pambano, halafu anaambiwa: sasa shinda. Hilo limeandikwa na mshairi Mfaransa Chrétien de Troyes mwishoni mwa karne ya 12 katika simulizi yake ya Lancelot, naiti wa hadithi za Mfalme Arthur: Malkia Guinevere anamtumia ujumbe apigane vibaya kadiri awezavyo, uwanja mzima unamzomea, kisha anamruhusu apigane vizuri. Hapo filamu iko ndani ya Zama za Kati kuliko filamu nyingi zenye sura nzito.

Chaucer naye. Wale wawili wanaomdai kamari ni mtumishi wa mahakama ya kanisa na muuza misamaha ya dhambi, naye anaapa kuwalipizia kwa kalamu. Kwenye Canterbury Tales, kitabu cha simulizi cha Chaucer wa kweli, wahusika hao wawili wamechorwa kwa sura chafu kupindukia. Hata ule mzaha wa mwisho alioutaja Bi Kipaza ni wake: simulizi ya yule mtumishi wa mahakama inaishia kwa swali la namna ya kugawa shuzi moja sawa kwa sawa kwa watawa kumi na wawili. Wazazi wakikunja uso, waambie ni fasihi ya 1390 hivi.

---

Mratibu_wa_Jumamosi

Hilo la shuzi nitaliacha wazazi waulize wenyewe. Moja la mwisho: jina analojipachika William, Ulrich von Liechtenstein, wamelitoa hewani?

---

Mfuachuma

Mratibu, huyo alikuwepo. Alikuwa naiti na mshairi wa Styria, Austria ya leo, aliyeishi karne ya 13, akafariki 1275. Gelderland hakuwa na uhusiano nayo. Mwaka 1227, kwa maelezo yake mwenyewe katika shairi refu la maisha yake, alisafiri kutoka Venice hadi Vienna akitoa changamoto kwa kila naiti aliyekutana naye njiani. Alivaa gauni na nywele za kusuka, akijiita Venus, mungu wa kike wa mapenzi, na anayesema amevunja mikuki 307 katika safari hiyo ni yeye.